Mbwa wa Bi Esha na Damu Isiyoganda

Vijana wa kliniki mmeniomba niandike mambo ya kazi kabla sijasahau. Mnajua kwamba mimi na kalamu hatukukua pamoja. Nilisoma chuoni kwa maalim wetu kisiwani, nikatoka na juzuu chache kichwani na alama za fimbo mgongoni, kisha nikaingia baharini na baadaye kwenye mifugo. Ninachokijua nimekijua kwa macho, pua na vidole, na sioni haya kusema ninajua kingi. Vyeo sitavitaja. Havikuwa vingi, na havijawahi kumponya mnyama.

Nataka kuandika juu ya damu. Hadi wiki yangu ya mwisho kazini mlikuwa mnanijia mbio: "Ami Kombo, mbwa tumempa dawa, kwenye kioo mdudu haonekani tena, mbona bado anatoka damu puani?" Swali hilo lilinikuta mimi kisiwani kwetu Chula wakati wa vita, sina umeme, sina friji, na daktari wa kumuuliza amekwisha kimbia. Basi someni.

Kazi niliianzia Kismayu, katika kituo cha mifugo karibu na bandari. Ng'ombe waliletwa kutoka bara, wakapimwa, wakapakiwa melini kwenda Arabuni. Niliajiriwa kushika pembe na kufagia mavi. Mkubwa wetu alikuwa Daktari Yusuf, Msomali mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, mtu wa maneno machache na sigara nyingi.

Siku yangu ya kwanza aliletwa mbwa wa mlinzi wa ghala. Watu wote wakatawanyika kama walioona nyoka. Mimi nami nikarudi nyuma.

"Warya, wewe Mbajuni," daktari akaniita, "mshike."

"Daktari, huyu ni najisi."

"Najua. Hata mimi nasali. Ngozi yako inaoshwa, haitupwi. Mshike, tukimaliza tutaosha pamoja."

Nikamshika. Tulipomaliza, daktari akachukua ndoo, tukaosha mikono mara saba, moja kwa udongo, yeye akihesabu kwa sauti kama mtoto wa chuoni. Akanifundisha kwamba manyoya makavu kwa mkono mkavu hayana neno, mate na unyevu ndivyo vya kuangalia. Nawaambia haya kwa sababu baadhi yenu mnawashika mbwa kwa ncha za vidole, mnyama anahisi mnamchukia, anawauma, kisha mnalalamika. Shika kwa mkono mzima. Maji yapo.

Kwa miaka mingi kituoni nilijifunza kioo. Tone la damu ya sikio, kioo cha pili kinaliburuta mpaka liwe jembamba kama ngozi ya kitunguu, linakauka, spiriti, rangi, kisha hadubini. Majina ya kitaalamu yalinishinda, kwa hiyo daktari aliniacha niseme ninachokiona.

"Unaona nini, walaal?" Walaal kwa Kisomali ni ndugu. Aliniita hivyo nilipoanza kumfaa.

"Sahani nyekundu zimemwagika."

"Ndani ya sahani?"

"Hii ina mbegu mbili, zimeegemeana kama mitumbwi miwili iliyofungwa kwenye nguzo moja."

"Basi umemwona mdudu. Kupe ndiye aliyemleta, na sasa anakaa ndani ya chembe nyekundu na kuipasua. Haya, nitafutie na vile vipande vidogo vya zambarau, mfano wa makombo."

Nikazungusha kioo huku na huku. "Havipo."

"Hivyo ndivyo vinavyoitwa chembe sahani, si hizo nyekundu unazoziita sahani wewe. Vikitosha, damu huganda. Vikiisha, mbwa anavuja kama ngalawa isiyotiwa kalafati." Hilo la ngalawa alilisema kwa ajili yangu, maana yeye mwenyewe akiona maji tu alitapika.

Nikamuuliza mdudu yuko kwenye chembe nyekundu, sasa nani anakula hizi nyingine? Akavua miwani. Akasema mwili una askari wake. Mdudu akiingia, askari wanawasha moto wa kumsaka, na uchafu wa mdudu unazipaka hata chembe zisizo na kosa. Askari hawaulizi. Wanapiga kila kilichopakwa. "Na ubaya wake," akasema, "unaweza kumuua mdudu leo, na wao wakaendelea kupiga. Hawajapata habari." Ndipo unapohitaji dawa ya pili, vidonge vya kuwatuliza askari, vilevile wanavyopewa wenye pumu. Ukimpa mbwa mapema kabla ya kumuua mdudu, umefunga mikono ya mwili mbele ya adui. Ukivichelewesha, mbwa amekwisha kauka. Nilielewa nusu. Nusu iliyobaki nilifundishwa na nchi yangu.

Serikali ilipoanguka vita vikafika Kismayu. Kila ukoo ukaingia na bunduki zake, na sisi Wabajuni tusiokuwa na bunduki tukawa mali ya kila aliyepita. Kituo kiling'olewa mabati, milango, hata mabomba ya maji. Daktari Yusuf alinipa hadubini ile ya kutumia kioo cha jua, chupa mbili za rangi na kopo la dawa ya manjano ya ng'ombe. Akasema, "Wewe una mahali pa kwenda." Yeye akaelekea bara. Sikumwona tena, na sijui kaburi lake liko wapi, kama analo.

Niliifunga hadubini ndani ya gunia la unga na kuipeleka Chula kwa dada yangu. Kule nikatibu mbuzi, punda na kuku, na siku moja nilimtibu mtu aliyemezwa na usaha wa jino, lakini hilo tuliache.

Kisiwani hapakuwa na mbwa. Mbwa walikuwa ng'ambo, bara, kwenye mashamba yetu ya mtama na kunde, wakiyalinda dhidi ya nguruwe mwitu na nyani. Wakati wa vita walilinda dhidi ya jambo lingine pia. Wenye bunduki walikuwa wakipita huko kuchukua chakula, na wakikuta wanawake hawachukui chakula peke yake. Ng'ambo alikaa Bi Esha, mjane, na binti zake wawili na mamake mzee aliyekokota mguu. Angeweza kukaa kisiwani, lakini kisiwani walikuja pia, na kule hapakuwa na mtama wa kula. Kilichowaweka hai ni mbwa wao, Bawabu, rangi ya mchanga, mkia uliopinda. Bawabu aliwasikia watu kabla hawajavuka kile kichaka cha mwisho. Akibweka kwa namna yake moja, Bi Esha humtia mamake mgongoni, wanaingia wote kwenye mikoko, na wageni wanakuta jiko lina moto na mtu hakuna.

Asubuhi moja binti mkubwa alivuka kwa mtumbwi akaja kunigonga. "Ami Kombo, Bawabu anatoka damu puani na habweki. Bin-ami wangu anasema amelishwa sumu."

Nilimkuta mbwa amelala kivulini, pua moja inadondosha. Nikafunua mdomo. Ufizi mweupe kama nyama ya dafu, na juu yake madoa madogo mekundu, kana kwamba mtu amemnyunyizia wino. Tumboni vivyo hivyo. Mkojo mwekundu. Masikioni kupe wamepangana kama shanga. Ng'ombe wa wafugaji walikuwa wamepita hapo kutafuta maji, wakaacha kupe wao. Watu wa shamba walikuwa wamempaka mbwa sifa, yale mafuta ya ini la papa tunayopaka vyombo, ili kupe wakose pumzi. Kupe walikuwa wanapumua vizuri kabisa. Ni mimi niliyekosa pumzi kwa uvundo wake.

Omari, shemeji yake Bi Esha, alikuwa amesimama na wembe. Kwetu mtu akiwa na homa nzito huumikwa, anachanjwa na kuwekewa pembe ivute damu, na Omari aliona cha mtu kinamfaa mbwa.

"Damu mbaya imemjaa, Kombo. Huoni inatafuta njia puani? Nimchanje sikio nimpunguzie."

"Mchanje hapo, itatoka mbaya, itatoka nzuri, na roho itafuata nyuma."

"Wewe umechanja ng'ombe wangapi Kismayu?"

"Wengi. Ndiyo maana nakwambia weka wembe."

Akaweka, lakini alininunia mpaka mavuno. Mimi mwenyewe nilihitaji tone moja la sikio, nikalitoa kwa sindano nyembamba kabisa, na tone hilo lilikataa kusimama. Nilikandamiza kwa pamba mpaka mkono ukafa ganzi. Hilo liwe somo: damu ya namna hii, kila tundu unalolitoboa ni deni juu ya mnyama.

Hadubini niliitega jua nje ya kibanda. Mitumbwi miwili miwili ndani ya sahani nyekundu, tele. Makombo ya zambarau, hakuna.

Dawa ya manjano inamuua mdudu huyo, lakini mbwa si ng'ombe. Ukimzidishia kidogo tu inampanda kichwani. Ilinipasa nimjue uzito. Nikamtia guniani, nikaning'iniza gunia kwenye mizani ya kupimia papa, Bawabu akanguruma kwa hasira yote iliyombakia.

"Papa wote niliowapima," akasema Bi Esha, "hakuna aliyenitukana hivi." Ndiyo mara ya kwanza nilimwona akicheka tangu vita.

Nikapiga sindano moja, kwa sindano nyembamba, nikakandamiza. Nikarudi kisiwani, nikaosha mikono baharini, maana maji matamu ya birika yalikuwa ya kunywa na kila mtu ananiangalia. Sikwenda mbali. Maalim Lali, aliyekuwa akisomesha watoto na kutusalisha, aliniita barazani kwake.

"Kombo, umetoka kwa mbwa."

"Nimeosha, Maalim. Mara saba."

"Kwa maji gani?"

"Ya bahari."

"Safi. Udongo?"

"Mchanga wa ufukweni."

"Mchanga ule umeoshwa na bahari tangu Nuhu, hauna vumbi. Umeosha bure. Kachukue udongo wa shamba, urudie."

Tangu siku hiyo nikatembea na kopo la udongo mkobani, pamoja na sindano na pamba. Wazungu niliofanya nao kazi baadaye Mombasa walidhani ni dawa, na mmoja aliniomba kiasi.

Nilipochukua damu tena, mitumbwi haikuwepo. Wadudu wamekufa. Homa imeshuka. Nikajisifu, haki yangu. Lakini puani damu iliendelea, kinyesi kikawa cheusi kama lami, na yale makombo ya zambarau hayakurudi. Bi Esha alinitazama nikifuta kioo.

"Si ulisema mdudu amekufa?"

"Amekufa."

"Sasa nani anamuua mbwa wangu?"

"Mbwa mwenyewe. Askari wa mwili wake hawajajua vita vimekwisha."

Mtu aliyeishi pwani ile mwaka ule hakuhitaji kuelezwa zaidi.

Vidonge vya kuwatuliza askari hao kisiwani alikuwa navyo mtu mmoja, Maalim Lali. Alikuwa na pumu, na jamaa zake walimletea kopo kutoka hospitali ya Kismayu kabla haijaporwa. Nilikwenda baada ya alasiri. Mkewe, Mwana Kheri, alikuwa anachambua samaki, na majirani wawili wamekaa.

"Maalim, nimekuja kuomba vidonge vyako vya pumzi."

"Nani amebanwa?"

"Hakuna aliyebanwa."

"Basi vya nani?"

"Vya Bawabu."

"Bawabu mwana wa nani?"

"Mbwa wa Bi Esha."

Majirani wakapasuka kucheka. "Kombo ametumwa na mbwa! Mbwa amesema salamu aleikum?"

Mwana Kheri hakucheka. Alishika kisu vilevile. "Huyu mume wangu akikosa pumzi, huyo mbwa atakuja kumpepea?"

Alikuwa na haki, na bado naona alikuwa na haki. Nikasema tu kwamba nisipovipata mbwa atakufa wiki hii, na mbwa akifa, Bi Esha na binti zake hawatasikia mtu akija. Majirani wakaacha kucheka. Mmoja wao alikuwa na binti aliyechukuliwa barabarani akitoka Kismayu.

Maalim akaweka kiganja kifuani, kinapanda na kushuka. Kisha akasema, "Mwana Kheri, lete kopo."

"Bwana..."

"Mwaka huu kifua kimenistahi. Lete." Akamimina vidonge kwenye kitambaa, akavigawa kwa kidole, na fungu langu likawa kubwa kuliko lake. "Nikibanwa, Kombo, kilichosalia utarudisha. Usinione haya."

"Nitarudisha."

"Na udongo usisahau."

Bi Esha alivificha vidonge ndani ya vipande vya samaki na kumtupia. Haikuchukua muda damu ya puani ikakata. Madoa ya tumboni yakageuka kahawia, kisha manjano, yakafifia. Dawa hiyo ina vituko: mbwa anakunywa kama ng'ombe, anakojoa kama ng'ombe, anakula kila kitu. Alikula kamba ya ndoo. Bi Esha alilalamika kwamba maji ya kisima yanakwisha kwa mgonjwa mmoja, lakini alilalamika huku akimchotea. Na siku moja Bawabu aliwabwekea nyani, nikasikia mama yule mzee ndani ya kibanda akisema, "Alhamdulillahi, mlango umerudi."

Lakini vidonge hivyo havikatizwi ghafla. Unapunguza kidogo kidogo, kizima, nusu, robo, ukiangalia ufizi. Ukikata haraka, askari wanaweza kurudi kwenye bunduki. Tulikuwa bado kwenye nusu Maalim alipobanwa.

Nilimkuta ameshika kizingiti cha mlango kwa mikono miwili, mabega juu, midomo ya kijivu, sauti kifuani kama msumeno kwenye mti mbichi. Fungu lake lilikuwa limekwisha. Mwana Kheri aliniangalia tu, na afadhali angenitukana.

Nilivuka. Njiani nilikuwa napanga maneno ya kumwambia Bi Esha, maana nilijua ninachomnyang'anya. Nilipofika sikuwahi kuyasema. Bintiye alikwisha sikia habari kwa wavuvi. Bi Esha alifungua pembe ya leso yake, vidonge vyote vilivyosalia vilikuwa humo tayari.

"Mchu kwanza, Kombo," akasema. Mchu kwetu ni mtu.

"Akikatizwa sasa, damu inaweza kurudi. Nataka ujue."

"Najua. Wewe nenda, Maalim anakusubiri. Huyu nitamlinda mimi."

Maalim alivimeza na uji. Kufika adhuhuri aliweza kulala chali, na magharibi alisalisha ameketi. Alipotoa salamu aligeuka akaniuliza, "Mbwa umembakishia?" Nikasema hapana. Akafunga macho.

Ikabaki kungoja. Kila maji yakiruhusu nilivuka na kufunua mdomo wa yule mbwa. Ufizi wa waridi. Kesho tena, waridi. Niliona doa moja nikashtuka, kumbe mbegu ya tikiti. Sikutaka kumtoboa sikio kutafuta makombo kwenye kioo. Kama yamekwisha, tundu hilo lingemmaliza. Kwa hiyo sikujua. Vijana, kuna siku utakuwa na hadubini na usiitumie, na hilo nalo ni kazi.

Asubuhi moja nilikuwa katikati ya mkondo niliposikia Bawabu. Si kubweka kwa nyani. Nikapinda mtumbwi moja kwa moja kwenye mikoko, nikawakuta Bi Esha na binti zake matopeni, mama mzee mgongoni, leso mdomoni ili asikohoe. Kule shambani tulisikia watu wakicheka, magunia yakiburutwa, kisha mlio wa bunduki mmoja. Baada yake kubweka kukakoma.

Binti mdogo alitaka kuinuka. Bi Esha alimkalisha kwa kiganja kichwani, bila kumtazama.

Tulikaa mpaka moshi wa jiko ukapungua na sauti zikapotea bara. Ndipo majani yakachezacheza na Bawabu akatokea mwenyewe, anachechemea, sikio moja limepasuliwa na risasi, damu imeshuka shingoni na begani mpaka kwato, kama mbwa angekuwa na kwato. Sikio ndipo damu inapokimbia kuliko popote. Nilimvuta nikabana lile sikio kwenye kiganja changu, na sikuwa na dawa yoyote duniani.

Damu ilikuja ya moto, nyepesi, inateleza kati ya vidole. Wote walikuwa wananiangalia mkono. Nilimsikia Bi Esha akinong'ona Yasini nyuma yangu. Nikaendelea kubana. Kisha vidole vikaacha kuteleza. Vikaanza kunata. Nikahisi kitu kinazidi uzito chini ya kidole gumba, laini, kama uji unaoshika sufuriani. Nikaachia kidogo. Halikudondoka tone.

"Kombo," akasema Bi Esha, "inasimama?"

"Imesimama."

"Unanidanganya."

"Njoo uone."

Akamtua mamake kwenye mzizi wa mkoko, akaja, akainama. Mwanamke huyu miaka yote alimlisha yule mbwa kwa upawa wa mpini mrefu, asimguse. Akanyoosha kidole kitupu, akakiweka juu ya donge lile jeusi la damu, akakiacha hapo.